Nani Ameukata Ukanda Wangu?

Asubuhi ile niliupitisha mkono juu ya ukanda kama ninavyofanya kila siku kabla ya kunoa, na kidole gumba kikakwama.

Nikauvuta ukanda karibu na mwanga. Pale chini, mahali ninapougeuzia wembe, ngozi ilikuwa na mkato mfupi, mwembamba, kama mdomo wa mtu aliyetaka kusema neno akajizuia. Nikautazama, nao ukanitazama.

Inabidi nieleze, maana siku hizi watu wananyolewa kwa nyembe za kutupa na wanadhani ukanda ni wa kushikia suruali. Mume wangu ni kinyozi. Duka lake liko mbele, mtaani; nyumba yetu iko nyuma, na katikati kuna mlango mmoja. Wembe wake ni wa kukunja, chuma cha zamani, unalala ndani ya mpini wake kama mtoto mgongoni. Yeye ananyoa, mimi nanoa. Ndivyo tulivyogawana tangu aliponioa, na hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuugusa ukanda ule, hata wa wifi yangu, ambaye hugusa kila kitu.

Ukanda una pande mbili, turubai na ngozi. Naufunga kwenye ndoano ya ukutani mle dukani, nauvuta kwa mkono wa kushoto ukaze, usilegee kama kamba ya kuanikia nguo. Naanza na turubai, kuusafisha wembe na kuupasha joto kidogo. Kisha ngozi. Wembe unalazwa kabisa, mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza juu ya mgongo wake, halafu unarudi. Ukitanguliza makali, au ukiugeuza juu ya makali, umeikata ngozi, na ngozi ikishakatwa haishoneki. Sihesabu. Nasikiliza. Mwanzoni wembe unasema kwaru, kwaru. Baadaye unasema shwaa, shwaa. Ukikubali kabisa unanong'ona tu, na hapo naujaribu kwenye vinyweleo vya mkono wangu. Ndiyo maana mkono wangu wa kushoto ni laini kama wa bibi harusi mpaka leo. Sehemu nyingine za mwili tusiziongelee.

Kwa hiyo mkato ule haukuwa wangu. Haukuwa wa mume wangu pia, maana ni yeye aliyenifundisha. "Ugeuze kama unavyomgeuza mtoto aliyelala," aliniambia, "kwa mgongo wake, asishtuke." Mtu anayesema hivyo hawezi kukata ukanda. Mkato ule ulikuwa wa mwanafunzi. Kulikuwa na mtu anajifunza kunoa wembe wa mume wangu, juu ya ukanda wangu, mimi nikiwa hai na nina meno.

Sikilizeni. Mwanamume akipikiwa chai na mwanamke mwingine nitanuna, nitapona. Lakini mwanamke mwingine akimnolea wembe, mimi katika nyumba ile nitakuwa nani? Mpangaji?

Nikaurudisha ukanda kwenye ndoano, upande wa ngozi ukitazama ukuta. Nikaanza kuangalia.

Na mtu akianza kuangalia, haishi kuona. Kwanza, chai. Mume wangu alikuwa mtu wa kikombe kinachofurika, akilalamika ukikipunguza. Sasa anasema, "Nusu tu, mama. Usijaze." Nikajiuliza hiyo nusu nyingine anainywea wapi. Pili, shati. Alikuwa anafunga vifungo mpaka shingoni kama anakwenda kupigwa picha. Sasa viwili vya juu vinabaki wazi, kifua nje. Kifua chenyewe mvi tupu, cha kumwonyesha nani? Tatu, mikono mifukoni. Akiongea na mimi, mikono mifukoni. Akitembea, mikono mifukoni, kama mtu aliyeiba maembe. Na wembe ninaouacha asubuhi unanong'ona, kesho yake naukuta umeanza tena kukwaruza, kama umetumika zaidi ya videvu nilivyoviona vikiingia dukani.

Tena akaanza kufunga duka mchana. "Nalala kidogo," alisema, akitia komeo kwa ndani. Mtu analala kwenye kiti cha kunyolea wakati kitanda kipo?

Siku hiyohiyo nilikutana na muuza nyama. Huyu ni mteja wetu wa zamani, ana shingo nene kama gogo la kukatia nyama zake, na upande mmoja wa shingo ana chunjua ambalo kinyozi yeyote mgeni angelifyeka kabla hajaliona. Siku hiyo alikuwa na plasta.

"Shemeji," akaniambia kwa sauti ya kuwafaidisha na waliokuwa ng'ambo ya barabara, "mumeo juzi kanikata."

"Labda ulitikisika."

"Mimi? Mimi ninyolewapo napumua kwa zamu. Ni yeye. Mawazo yake hayapo dukani. Yako wapi, unajua wewe?"

"Ningejua ningekuambia?"

"Haya. Jumamosi nakuja tena, kwa heshima ya miaka yetu. Akinikata, nahamia kwa yule kijana mwenye viti vya kuzunguka. Na nikihama mimi, unajua, soko zima linahama."

Nilijua. Mdomo wake ulikuwa unafika mbali kuliko nyama yake. Lakini akili yangu ilibaki kwenye neno moja: mawazo. Hata muuza nyama ameona kwamba mawazo ya mume wangu yako kwa mtu.

Jioni nilikuwa nafua uani, wifi yangu amekaa kwenye kigoda akinisaidia kwa kunitazama. Huyu ni dada wa mume wangu, mjane, anaishi chumba cha pembeni, na masikio yake yanaishi chumba changu. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali ya mume wangu, nikatoa vipande vya mpira, vyekundu, vyembamba, vimejikunja.

"Nini hicho?" wifi akasimama.

"Sijui. Kama puto lililopasuka."

Akakichukua kipande, akakinusa. Sijui alitarajia kitanuka nini. "Wifi," akasema polepole, kwa raha kabisa, "mwanamume mwenye maputo mfukoni ana mtoto mahali."

"Kaka yako? Na umri ule?"

"Kwani umri unapuliza maputo? Mimi nasema tu ninachokiona. Na nimemwona mtoto wa yule fundi cherehani, yule wa karibu na kisima, anacheza na puto. Jekundu."

"Wifi!"

"Sijasema kitu. Endelea kufua."

Kesho yake nilitafuta blauzi isiyo na tatizo, nikaichana kidogo kwenye mshono, nikaipeleka kwa fundi cherehani. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mfupi, uzi umemning'inia mdomoni. Binti yake alikuwa sakafuni akifukuza puto jekundu.

"Puto zuri," nikamwambia yule mtoto. "Nani kakupa?"

"Babu kinyozi."

Moyo ukanipiga kama mlango uliosukumwa na upepo. Nikamgeukia mama yake, uso wangu mkavu. "Kumbe mnafahamiana na mume wangu."

"Nani asiyemfahamu babu? Alipita hapa, mfuko umejaa maputo, mtoto akalia, akampa moja."

"Mfuko umejaa?"

"Umejaa, shangazi. Nikamuuliza kuna sherehe? Akasema, 'Kuna kazi.'"

Nikamtazama mikono. Mtu anayejifunza kunoa lazima awe na alama kwenye kidole gumba. Yeye hakuwa nayo. Kisha akachukua mkasi wake kukata uzi, ukautafuna uzi bila kuukata, akamalizia kwa meno. Nikakaa nikafikiri. Mwanamke mwenye mkasi butu kiasi kile hawezi kuwa ananoa wembe wa mtu. Au ni mjanja kuliko nilivyodhani, na mkasi ni wa kunipoteza. Nikamshukuru, nikaondoka na blauzi yangu na shaka zangu zote mbili.

Mchana wa Ijumaa mume wangu alipotia komeo, nilibandika sikio kwenye mlango wa katikati. Wifi alikuwa tayari amebandika lake chini kidogo.

Tukasikia maji. Tukasikia brashi ikikoroga povu. Halafu sauti ya mume wangu, laini, ile ya kubembeleza, ambayo mimi nimeisikia mara ya mwisho sijui lini:

"Tulia basi. Usiogope. Geuza shingo kidogo. Hivyo hivyo. Polepole."

Wifi akanishika mkono. Mimi nikamshika yeye.

"Karibu tunamaliza. Tulia tu, tulia..."

Paa!

Kisha mume wangu akasema kwa upole, "Samahani sana."

"Amempiga!" wifi akanong'ona.

"Nyamaza. Njoo na ndoo."

Duka lina kidirisha cha juu kinachotazama uani. Tuliipindua ndoo, nikapanda, wifi akanishikia miguu. Mtu akituona angesema wezi wamezeeka mtaa huu.

"Yuko nani?" wifi akauliza kutoka chini. "Unamwona?"

Nilimwona. Kwenye kiti cha kunyolea, shuka jeupe limekunjwa vizuri chini yake, alikuwa amekaa puto. La kwanza lilikuwa limepasuka na vipande viko sakafuni. Hili lilikuwa la pili, kubwa, limefungwa kwa uzi kwenye pahali pa kuegemezea kichwa. Lilikuwa limepakwa povu mpaka juu. Na pembeni, mume wangu alikuwa amelibandika kipande cha ubani uliotafunwa, mahali palepale.

"Ni mnene," nikasema.

"Mnene!" wifi akasema. "Mungu wangu. Mweupe, mweusi?"

"Mwekundu."

"Kaka yangu! Na nini kingine?"

"Ana chunjua shingoni."

Akaniachia mguu mmoja. "Wifi," akasema, "huyo si muuza nyama?"

Nilikuwa natazama mkono wa mume wangu. Alikuwa ameshika wembe, na mkono ulikuwa unatikisika kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Akaushika kwa mkono wa kushoto, ukatulia. Akaupeleka kwenye povu. Akakwangua mstari mmoja safi, wa pili safi. "Hivyo, bwana, hivyo," akaliambia puto. Akalikaribia chunjua, na mkono ukaruka. Paa! Povu likamwingia kwenye nyusi.

"Samahani sana," akasema tena. Mume wangu ni kinyozi mwenye adabu. Hata puto analiomba radhi.

Kisha akaufuta wembe, akaenda kwenye ndoano, akaugeuza ukanda wangu upande wa ngozi. Alikuwa anataka kuyarudisha makali nisigundue. Akaulaza wembe vizuri kabisa, mgongo mbele, kama bwana fundi aliyekuwa siku zote, akashuka nao mpaka mwisho. Pale pa kugeuza, mkono ukamshtuka, makali yakagusa ngozi. Akasimama. Akakipitisha kidole gumba juu ya mkato, ule wa kwanza na huu mpya, taratibu, akautazama mlango wa katikati.

Nusu kikombe, ili isimwagike. Vifungo vya juu, vidogo, havishikiki. Mikono mifukoni. Mwanamke wangu niliyemtafuta mtaa mzima alikuwa ni huu mkono.

"Wanafanya nini?" wifi akanitikisa mguu.

"Ananyoa," nikasema, nikashuka. "Anamnyoa muuza nyama."

"Mlango umefungwa?"

"Ana aibu ya chunjua."

Sikumwambia zaidi. Wifi nampenda, lakini ukimwambia yeye, hata barabara inajua. Na kinyozi anayetetemeka akishajulikana, hakuna anayemwuliza anajisikiaje. Watu wanashika shingo zao tu na kupita upande wa pili. Jumamosi ilikuwa kesho.

Sikulala vizuri, lakini asubuhi niliamka nimeshajua la kufanya, na halikunipendeza hata kidogo. Niliunoa wembe kama kawaida. Shwaa, shwaa, nikiuruka ule mkato. Nikaunoa mpaka ukanong'ona, halafu nikaendelea kidogo, kwa kuwa nilijua ni mara ya mwisho watu kujua kwamba kazi hii ni yangu.

Muuza nyama alikuja mapema, plasta ameitoa ili ushahidi uonekane. Kwenye benchi walikuwa wamekaa fundi baiskeli na dereva wa lori, na sidhani walikuja kunyolewa, walikuja kutazama. Mume wangu alikuwa amelipaka povu lile gogo la shingo. Akachukua wembe. Niliona bega lake likijikaza.

Nikaingia, ukanda mkononi.

"Usimguse na wembe huo!"

Wote wakageuka. Mume wangu akasimama, wembe juu. "Kuna nini, mama?"

"Kuna aibu, na ni yangu. Tazameni." Nikauinua ukanda, nikawapitishia mkato machoni, mmoja mmoja, kama muuza kitambaa. "Mnauona? Ni mimi. Macho hayaoni, mkono unatetemeka. Nimeukata ukanda, nimeharibu wembe, nimenyamaza kwa kuogopa kusemwa. Shemeji, ile plasta yako usimlaumu mume wangu. Kinyozi akipewa wembe ulionolewa na bibi kizee kama mimi, hata awe malaika atakukwaruza."

Na mkono nikautikisa. Nilikuwa nimeuona jana unavyotikisika. Nikaiga vizuri tu.

"Jana si ulitunga uzi kwenye sindano bila miwani?" wifi akauliza kutoka mlangoni.

"Ilikuwa bahati, wifi. Nenda kaangalie jiko."

Muuza nyama aliligeuza lile shingo lote na povu lake. "Kumbe muuaji wangu ni wewe, shemeji! Na zile nyama nzuri ninazokuwekea pembeni!"

"Umeniwekea mifupa, shemeji, usijisifu."

Fundi baiskeli akaangua kicheko. Dereva wa lori akasema, "Mzee, umeponaje nyumbani miaka yote hiyo na bibi huyu ana wembe?" Wakacheka wote, na wakati wanacheka sikuwatazama wao. Mume wangu aliutazama ukanda. Akautazama mkono wangu, ambao bado nilikuwa nautikisa. Akanitazama mimi, kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake: jicho la mtu aliyegundua kuna mtu alikuwa chumbani.

"Mama," akasema.

"Nisamehe, baba. Siwezi tena. Ukanda umekwisha. Tumia mashine."

Akafikiri. Kisha akaukunja wembe, akanipa, akafuta povu, akachomeka mashine ya umeme iliyokuwa ikitumika kwa vichwa tu. Ikaanza kunguruma. Na mashine ile, kama hamjui, inatetemeka yenyewe toka ikiwaka mpaka ikizimwa. Mkono wowote ukiishika unatetemeka nayo, na hakuna awezaye kusema ni nani kati yao aliyeanza. Ilipita juu ya shingo, ikazunguka chunjua, ikatoka. Muuza nyama akajipapasa.

"Haijakata," akasema, kama aliyetamani kidogo ikate.

Tangu siku hiyo mtaa mzima unanitania. Nikienda sokoni watu wanajishika shingo. Muuza nyama ananikatia nyama akisema, "Usiguse kisu, shemeji, kaa mbali." Nacheka nao. Uchungu wangu naujua mwenyewe.

Ila nyumbani hatukupata amani mara moja. Mimi na mume wangu tulikuwa tunatiliana shaka kama paka wawili kwenye paa moja. Yeye hajui ninajua kiasi gani. Mimi sijui kama yeye anajua kwamba najua. Nikimtilia chai nusu bila kuambiwa, anakitazama kikombe, ananitazama. Nikimfunga vifungo vya juu nikijifanya nampangusa kola, anatazama ukuta.

Mpaka asubuhi moja nikamkuta jikoni, mkononi ameshika kopo langu la sukari la zamani, lile lisilo na sukari. Alikuwa ametoa wembe humo. Akaufungua, akaupitisha kwenye mkono wake mwenyewe, na vinyweleo vikaruka kama vimeitwa. Akaukunja, akaketi.

"Bibi haoni," akasema. "Bibi mkono unatetemeka. Huu wembe unanolewa na nani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Uko kwenye kopo lako."

"Labda kuna bwana anakuja mchana, ukiwa dukani."

Aliniangalia muda mrefu. Mkono wake ulikuwa mezani, nje ya mfuko, unagonga mbao taratibu, naye hakuuondoa.

"Bwana gani?" akauliza. "Mnene?"

"Mnene."

"Mwekundu?"

"Ana na chunjua," nikasema.

Hapo akacheka. Alicheka mpaka nusu kikombe ikamwagika, akacheka akijifuta kwa mkono uleule, na mimi nikaegemea ukuta nikishika tumbo, machozi yananitoka, sijui yote yalikuwa ya kicheko.

"Mnacheka nini humo?" wifi akauliza kutoka uani.

"Hakuna kitu," tukajibu kwa pamoja.

Kisha tukasikia ndoo inaburutwa kuelekea dirishani.